Je, Kompyuta Ikae Mezani Tuchezapo?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililokigawa Chama chetu cha Historia pande mbili. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa kompyuta mpakato ziwekwe mezani tunapocheza ule mchezo wetu wa kuigiza, au haifai? Mkutano wa kwanza wa muhula ujao utapiga kura. Sisi wa Kidato cha Nne hatutakuwapo, kwa maana tutakuwa tumekwisha fanya mtihani na kwenda zetu makwetu. Kwa kuwa sitakuwa na mkono wa kuinua siku hiyo, naacha neno langu hapa.

Wazazi wetu watakaosoma ukurasa huu huenda wakauliza, ni mchezo gani huo uchezwao mezani na watoto tuliowapeleka kusoma? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza.

Wachezaji ni sita au saba, wamekaa kuizunguka meza moja. Juu ya meza pana ramani iliyochorwa kwa penseli kwenye karatasi ya manila, dadu mbili za ludo, na vijiti vya kiberiti vya kuonyesha vyombo au majeshi. Mmoja wetu ndiye Msimulizi, naye peke yake huijua habari nzima. Wengine kila mmoja hupewa mtu wa kuwa: nahodha, jumbe, mvuvi, padri, mpagazi. Msimulizi huanza kwa kueleza mambo yalivyo, ni mwezi gani, upepo watoka wapi, nani amefika mlangoni. Kisha humgeukia mchezaji na kumwuliza, “Sasa wafanya nini?” Mchezaji hujibu kwa kinywa chake, wala hajibu kama mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, bali kama mtu yule aliyepewa. Jambo likiwa na shaka, kama vile mashua itavuka salama au la, dadu hutupwa. Hivyo habari husonga mbele hata kengele ya kulala.

Mchezo huu hatukuubuni sisi. Katika nchi ya Prussia, ambayo baadaye ikawa sehemu ya Ujerumani, afisa mmoja kijana aitwaye Georg von Reisswitz alitoa mwaka 1824 mchezo wa vita wa kuwafunza maafisa wenzake. Walitumia ramani na dadu kama sisi. Kulikuwa na mwamuzi kati ya pande mbili, na kazi yake kubwa ilikuwa kuficha. Kila upande uliambiwa yale tu ambayo jemadari angeweza kuyaona au kuletewa habari zake pale alipo. Jeshi la adui likiwa nyuma ya mlima, halikuwekwa juu ya ramani. Kisha mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, wakachapisha mchezo uitwao Dungeons & Dragons, na ndani yake kila mchezaji ni mtu mmoja, si jeshi zima. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu, na leo wauchezao wamejaa duniani. Huko laptopu si kitu cha ajabu, kwa hiyo mabishano haya yetu wao waliyaanza zamani: wako wanaosema meza ni ya karatasi na dadu, na wako wasioweza kucheza bila kioo mbele yao. Basi asidhani mtu kuwa twagombana kwa ushamba.

Sasa nieleze kwa nini mimi ni wa upande wa kuziondoa mezani. Nitatumia mchezo mmoja, ule wa Liuli, kwa sababu umechezwa mara mbili mbele yangu, mara moja bila kompyuta na mara moja kompyuta ikiwapo.

Liuli wengi wetu twaifahamu. Ni pwani yetu hii hii ya Ziwa Nyasa, kaskazini ya Mbamba Bay. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe lililoko pale ambalo waliliona lafanana na ile sanamu kubwa ya Misri. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa ufukweni hapo kwa matengenezo. Nahodha wake aliitwa Berndt. Upande wa pili, Waingereza wa Nyasaland walikuwa na meli yao, Gwendolen, chini ya Nahodha Rhoades. Hawa wawili walikuwa marafiki. Walikutana mara nyingi bandarini na kunywa pamoja, kwani Wazungu wenye meli katika ziwa lile hawakuwa wengi.

Tarehe 4 Agosti Uingereza iliingia vitani na Ujerumani. Habari ilimfikia Rhoades. Berndt haikumfikia. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ikaja Liuli ikaanza kuipiga mizinga ile meli iliyokaa nchi kavu. Makombora mengi yalikosa, maana mle melini hakukuwa na mpiga mzinga wa kweli isipokuwa mtu mmoja wa biashara aliyepata kujifunza kazi hiyo zamani. Hatimaye yakapiga. Basi Nahodha Berndt alifanya nini? Aliingia katika mashua ndogo, akapiga makasia kuiendea meli ya rafiki yake, amejaa hasira, kumwuliza kama amelewa au ameingiwa na wazimu. Akaambiwa kuna vita, akashikwa mateka palepale. Magazeti ya London yaliandika kuwa ni ushindi wa majini juu ya Ziwa Nyasa, na wengi huutaja kuwa ushindi wa kwanza wa Waingereza majini katika vita vile vikuu.

Mara ya kwanza tulipoucheza, Berndt alikuwa kijana wa Kidato cha Pili ambaye hakupata kuisikia habari hiyo. Msimulizi alimwambia tu: ni asubuhi, meli yako iko juu ya magogo, mafundi wanafanya kazi, na meli ya rafiki yako inaingia ghubani. Kisha akapiga meza kwa kiganja na kusema, “Kombora limeanguka majini.” Kijana alinyamaza. Tukamwona anafikiri. Akauliza, “Bendera yake ni ile ile?” Akajibiwa ndiyo. “Kuna mtu kaniletea barua?” Akajibiwa hapana. Likaanguka la pili. Kijana akasimama, kwa hakika alisimama juu ya miguu yake, akasema, “Huyu bwana kalewa. Nipeni mashua.” Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alifika mwenyewe pale pale alipofika Berndt, kwa njia ile ile, kwa sababu alijua yale tu aliyoyajua Berndt. Msimulizi alipotueleza baadaye kwamba ndivyo ilivyokuwa kweli, chumba kizima kilipiga kelele hata mwalimu wa zamu akaja kututazama.

Mara ya pili ilikuwa muhula huu, baada ya chama kuruhusiwa kutumia kompyuta mpakato mbili za shule. Ndani ya moja ya hizo imepakiwa Wikipedia nzima, ya kusomwa bila intaneti. Kompyuta hiyo iliwekwa mezani ili Karani aandike humo mambo yanayotokea. Berndt alikuwa mwanafunzi mwingine, naye pia mgeni wa habari. Kombora la kwanza lilipoanguka, Karani aliandika “Liuli” mahali pa kutafutia, bila nia mbaya, na kabla ya kombora la pili alikuwa amekwisha kusoma. Akamgusa mwenzake kiwiko. “Usiende. Watakukamata.” Basi Berndt wetu hakwenda. Alibaki ufukweni, akagawa bunduki kwa askari, akajificha nyuma ya miamba. Mchezo ulikwisha kabla maji ya chai hayajachemka, nasi tukakaa tunatazamana.

Wako waliosema palikuwa na ubaya gani, mbona aliokoka? Nami nakiri kwamba kompyuta haikusema uongo hata neno moja. Hapo ndipo pagumu. Kama ingesema uongo tungeitoa mezani siku ile ile, wala pasingekuwa na kura. Ilisema kweli, ila ilimwambia mtu asiyepasa kuijua kweli ile saa ile, na papo hapo yule mtu akatoweka. Hatukuwa tena na Nahodha Berndt wa mwaka 1914 mezani. Tulikuwa na mvulana wa miaka kumi na mitano aliyesoma mwisho wa kitabu.

Nionavyo mimi, faida yote ya mchezo huu imo katika kutokujua. Darasani twasoma historia kutoka nyuma. Twajua nani alishinda, ndipo twaandika sababu tano za kushinda kwake, na mtihani watutaka hivyo, nami sina ugomvi na mtihani uliobakiza wiki chache kunifikia. Lakini wale watu wenyewe hawakuishi kutoka nyuma. Waliishi kama sisi tunavyoishi, wakiitazama kesho bila kuiona. Meza ile ndiyo mahali pekee katika shule ambapo kwa saa mbili twaweza kukaa pale walipokaa, na giza lile lile mbele yetu.

Chukua Vita vya Maji Maji. Vilianza mwaka 1905 katika nchi ya Wamatumbi, na kabla mwaka haujaisha vilikwisha fika Ungoni. Kila mwanafunzi wa hapa amepata kuambiwa, na wengi wamefika Songea katika makumbusho, juu ya wazee walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Sasa tucheze mchezo huo. Mjumbe amefika usiku na dawa. Wewe ni jumbe mdogo mwenye watu na mashamba na watoto. Je, utainywa? Utawatuma vijana wako? Au utakaa kimya na kuitwa mwoga na jirani zako? Hilo ni swali zito, na nimeona wasichana na wavulana wakilia machozi mezani kwa ajili yake. Lakini kompyuta inajua kuwa maji hayakuzuia risasi. Ikikaa wazi mezani, swali lote limekufa. Kila mmoja atakuwa mwenye hekima, na kila mmoja atawacheka wazee wetu kwa kuwa wajinga, ilhali hawakuwa wajinga hata kidogo. Walikuwa wanateswa, wakaletewa tumaini, wakapaswa kuamua kabla ya mapambazuko.

Naja kwa hoja za upande wa pili, maana wenzangu hao si watu wa kupuuzwa, na mmoja wao ndiye rafiki yangu wa bweni moja.

Wanasema, kwanza, kwamba kompyuta huondoa ubishi. Ni kweli. Katika mchezo wetu wa mpaka wa ziwa tulibishana karibu nusu saa juu ya mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Mmoja alishika kwamba mkataba ule uliupitisha mpaka katikati ya maji. Mwingine alisema la, uliupitisha ufukweni. Kompyuta ilipofunguliwa ilionekana kwamba kifungu cha kwanza chafuata kweli ukingo wa ziwa, mashariki, kaskazini na magharibi, hata mlangoni mwa mto Songwe. Ubishi ukaisha. Walakini aliyesoma alisoma haraka, kama watu wote wasomavyo kwenye kioo huku wenzao wanangoja, akaishia hapo. Hakufika kifungu cha sita, kisemacho kwamba mistari hiyo yaweza kurekebishwa kwa mapatano kulingana na mahitaji ya mahali penyewe. Mwalimu wetu mlezi ndiye aliyetuonyesha kifungu hicho juma lililofuata. Basi kwa juma zima sisi tulijua nusu, na tulikuwa na uhakika wa mtu ajuaye yote.

Na hilo si jambo dogo kwetu sisi wa upande huu. Serikali yetu tangu mwaka 1967 imeshika kwamba mpaka wapita katikati ya maji, na Malawi yaushika ule mkataba wa 1890. Ubishi huo ulifufuka mwaka 2011 na 2012 kwa ajili ya utafutaji wa mafuta, hata wazee waliopata kuwa marais, Joaquim Chissano, Thabo Mbeki na Festus Mogae, wakaombwa kusuluhisha. Watu hao wazima hawakukosa kompyuta, wala hakuna aliyekosa nakala ya mkataba. Kilichotakiwa kwao kilikuwa kitu kingine, yaani kukaa meza moja na kumsikiliza mtu asiyekubaliana nawe. Sisi twajifunza jambo hilo hilo kwa vijiti vya kiberiti.

Wanasema, pili, kwamba kompyuta husaidia kumbukumbu na hesabu. Kwa hesabu sikubali hata kidogo. Dadu mbili za ludo hazijumlishi zaidi ya kumi na mbili, na aliyefika sekondari asiyeweza kuzijumlisha ana shida ambayo laptopu haitaiponya. Kwa kumbukumbu nakubali, bali daftari pia ni kumbukumbu, nalo halimpi mwandishi nafasi ya kusoma mambo mengine huku anaandika.

Hapa nitaje desturi moja ya Bunge letu. Katika Kanuni za Kudumu za Bunge, toleo la mwaka 2016, mbunge achangiaye mjadala hakuruhusiwa kusoma hotuba yake. Aliruhusiwa kuangalia kumbukumbu alizojiandikia apate kujikumbusha, au kusoma dondoo ili kuthibitisha analosema, lakini maneno yenyewe yapasa yatoke kichwani mwake. Mwaka 2019 Bunge likaanza kutumia vishikwambi badala ya marundo ya karatasi, na hilo ni jema kwa fedha ya nchi. Hata hivyo kisomwacho hakikugeuka kuwa mazungumzo kwa sababu kimo katika kishikwambi. Basi na sisi yatupasa tupambanue kati ya kujikumbusha na kusoma.

Wanasema, tatu, kwamba dunia ya sasa ni ya kompyuta, na mtoto wa kijijini asipozizoea shuleni atazizoea wapi? Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayowavuta wazazi. Nami pia yanivuta. Nitaijibu kwa kueleza niliyoyaona.

Katika shule hii waliopata kugusa laptopu nyumbani kwao ni wachache sana, nao karibu wote wametoka mjini. Kompyuta ikiwekwa mezani, ataikalia nani? Ataikalia yule aijuaye. Wengine watamzunguka na kumtazama mabegani. Muhula huu tulikuwa na msichana wa Kidato cha Tatu ambaye kwao ni Lituhi, babaye ni mvuvi. Katika ule mchezo wa Liuli wa kwanza yeye alikuwa serehangi wa mashua ya Berndt. Berndt alipotaka kwenda, yeye alimwambia kwamba Agosti ni majira ya kusi, ule upepo ambao wavuvi wengi wa ziwa letu huuita mwera, na kwamba mashua ndogo haiendi moja kwa moja namna ile. Itabidi apite chini ya miamba kwanza, asubuhi na mapema, kabla mwera haujashika. Sote tulimsikiliza. Msimulizi mwenyewe hakuyajua hayo, akabadilisha mchezo kwa ajili yake. Mara ya pili msichana yule yule alikaa kiti kile kile, lakini vichwa vyote vilikuwa vimegeukia kioo, na katika kioo hakukuwa na neno juu ya mwera. Hakusema kitu usiku kucha. Nilipomwuliza kesho yake akajibu, “Niseme nini, kaka? Si mna kila kitu humo?”

Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko hoja zote. Mezani kwetu wamo watoto wa Wamatengo wajuao kuchimba ngolo katika miteremko ya Mbinga, na watoto wa Wanyasa wajuao maji. Yumo mmoja ambaye baba yake huendesha lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka, yale malori yatupitayo hapa njia panda ya Kitai mchana na usiku, naye ajua bei ya dizeli na kila kilima hata Songea. Mambo hayo hayamo katika kompyuta yetu. Yamo katika vinywa, na kinywa cha mtoto wa miaka kumi na sita hufungwa upesi sana.

Na kuzizoea kompyuta? Tuzizoee. Chumba cha kompyuta kipo, na saa zake zipo, ingawa wakati wa zamu ya darasa letu umeme hupenda kukatika. Naomba saa hizo ziongezwe. Kuna kazi nyingi kabla ya mchezo ambazo kompyuta yafaa kuliko kitu kingine cho chote: kutafuta ramani za kale, kusoma mikataba, kuandaa karatasi za watu wa mchezo. Msimulizi asiyesoma juma zima kabla ya mchezo ni Msimulizi mbovu, na maktaba yetu, pamoja na juhudi za mwalimu wa maktaba, haina kitabu hata kimoja juu ya vita vya ziwani.

Lipo jambo moja ambalo watu wa upande wangu hawakulifikiri, nami sikubali lipitwe. Mwenzetu mmoja ana macho dhaifu tangu kuzaliwa. Karatasi ya kawaida hawezi kuisoma, hata akiisogeza puani. Kwa kompyuta huyakuza maandishi mpaka herufi moja inakuwa kubwa kama kidole, ndipo husoma, na akisoma hucheza vizuri kuliko wengi wetu. Katika mkutano uliopita mmoja wa upande wangu alipendekeza kompyuta zote zitoke nje ya chumba. Yule mwenzetu hakusema kitu, aliinama tu. Nasema wazi kwamba sheria ya namna hiyo ikiletwa, naiomba Kidato cha Pili na cha Tatu wasiipigie kura, hata kama ndiyo pekee itakayoletwa kutoka upande wangu. Heri mchezo uharibike kidogo kuliko kumtoa mtu mlangoni.

Basi pendekezo langu, ambalo nimekwisha liandika na kumpa Karani, ni hili. Kompyuta ziwekwe juu ya dawati la ukutani, vifuniko vimefungwa, tangu Msimulizi aanzapo hata amalizapo. Anayehitaji kompyuta kwa ajili ya macho akae nayo mezani, na ndani yake ifunguliwe karatasi yake ya mchezo tu, kama sisi tulivyo na karatasi zetu. Karani aandike kwa kalamu katika daftari, kisha kesho yake apige chapa katika kompyuta, naye hapo atajifunza kupiga chapa. Ubishi ukizuka juu ya jambo la kweli, swali liandikwe ubaoni kwa chaki, neno la Msimulizi lishikwe kwa muda, na mchezo uendelee. Mchezo ukiisha, kompyuta ifunguliwe kwa nusu saa, maswali yote ya ubaoni yatafutwe, na asomaye awe mtu tofauti kila juma, kuanzia na wasiopata kuishika. Aliyekosea, hata akiwa Msimulizi, aambiwe mbele ya wote. Nadhani nusu saa hiyo itakuwa na kelele kuliko mchezo wenyewe, na mwalimu wa zamu atatusamehe.

Wengine watauliza nani atalinda sheria hiyo. Hakuna haja ya mlinzi. Mtu akitaka kujua mwisho kabla ya wakati, hata bila kompyuta ataujua, atamwuliza kaka yake wa darasa la juu. Kinachotakiwa ni kuwa mezani pasiwe na kitu kinachotuita sote kukitazama.

Kwa kuieleza habari ya Nahodha Berndt hapa nimeuua mchezo wa Liuli kwa ye yote asomaye gazeti hili. Nimefanya hivyo makusudi, kwani bila mfano huo nisingeeleweka, na umekwisha chezwa mara mbili, yatosha. Badala yake nimeandika mchezo mpya wa watu saba, wa pwani yetu hii hii, na juu ya mwaka wake na mambo yake sitasema neno. Karatasi saba zimo katika bahasha saba zilizobandikwa kwa gundi, na mwalimu mlezi amezipokea. Ya serehangi nimeiandikia jina la yule wa Lituhi. Yenye herufi kubwa ni moja, nayo imo katika kompyuta ya kushoto, ndani ya faili lenye jina la mwenyewe. Ya Msimulizi ndiyo nene kuliko zote, na atakayechaguliwa aanze kuisoma wiki ya kwanza shule ifunguliwapo.

Mimi ndugu yenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne